Meli Niliyomchagulia Pembe Mbili

Tangu tufungue shule mmeniganda. Kitandani, kwenye foleni ya uji, hata kanisani mnanivuta sketi: Nyamizi, ilikuwaje huko ziwani? Na kila nikianza kusimulia, mmoja wenu ananikatiza kuuliza kama ni kweli meli ina choo. Ina choo. Sasa naandika yote mara moja, msome kwa zamu, kisha mniache nilale. Najua mtasema natia chumvi kama kawaida yangu. Safari hii sikuhitaji kuongeza kitu. Ningeongeza wapi?

Isevya, nyumbani Tabora

Babu yangu mnamjua. Ni yule mzee mrefu anayekuja Jumapili na kuniita "mke wangu" mbele ya mwalimu wa zamu. Ujanani alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Tabora, na nyingine mpaka pwani, na wenzake wakampachika jina la Pembe Mbili kwa kuwa, anavyodai mwenyewe, alibeba mzigo wa watu wawili peke yake. Bibi anasema aliubeba siku moja tu na mgongo ukamwuma mwezi mzima.

Mama mdogo Veronika, binti yao wa mwisho, aliolewa na seremala wa misheni kule Karema, kusini, kando ya Ziwa Tanganyika. Miaka ikapita bila mtoto. Mwaka huu akajifungua. Habari ilipofika Isevya, Bibi aliketi kizingitini akalia, kisha akainuka akaanza kukaanga karanga za safari. Tatizo likabaki moja. Bibi hajawahi kupanda hata mtumbwi, na alisema wazi: "Majini siingii mpaka mume wangu aketi kando yangu. Nikizama, nizame na mtu ninayemjua."

Na mume wake hakutaka.

Kazi ya kutafuta meli itakayompendeza nikapewa mimi, kwa sababu nasoma na wasichana wa maziwa yote. Ndiyo maana kabla ya likizo niliwahoji kama polisi. Nikamsifia Babu meli ya Ziwa Viktoria kama mlivyonielezea. Akaitikia kwa kichwa. Nzuri sana, akasema, twende Mwanza. Nikamwambia Karema haiko Mwanza. Basi twende kwa miguu, akasema, tupitie Ugunda, njia anaijua. Haya anayasema mzee ambaye kuinuka kwenye kigoda anainuka kwa vituo. Lakini nikitaja meli ya Kigoma hataki kuisikia. Mara ina kunguni, mara chuma hakielei, mara nahodha wa Kizungu atalewa atugonge kwenye jabali.

Nikaona maneno mazuri hayafai. Nikamwendea uani nikamwambia, "Mume wangu, wanawake wa sokoni wanasema Pembe Mbili anaogopa maji."

"Wanawake gani?"

"Wote."

Hakuna mwanamke aliyesema neno. Asubuhi yake Babu alikuwa amenyoa ndevu na kufunga mzigo wake kwa kamba, kwa fundo lile la kipagazi lisilofunguka mpaka ulikate.

Kwenye gari moshi

Behewa la daraja la tatu lilijaa watu, kuku, na dumu moja la asali lililokuwa likivuja polepole juu ya kofia ya bwana mmoja aliyelala. Tulikuwa tumeliona sote. Hakuna aliyemwamsha, maana kila mmoja alitaka kuona atakavyoamka.

Mpaka Urambo Babu alikuwa na raha tupu. Reli inafuata njia yao ya zamani, na kila kilima alikijua. Hapa tulilala. Hapa simba alimchukua mpishi wetu, na tangu siku hiyo chakula kikawa kitamu. Tulikuwa tunatafuna michembe ya Bibi, ile ya viazi vilivyokaushwa ambayo ukiiweka mdomoni Tabora unaimaliza Kaliua, na utani ukaanza. Kwa wale wenzangu mnaotoka mbali: kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na bibi yake ni mke mwenzake. Tunasimangana kutwa nzima na hakuna anayekasirika, kwa kuwa la utani halina uzito. Unacheka, limekwisha.

Nikamwambia Babu anipishe dirishani, mke mdogo ndiye anayekaa dirishani.

"Mke mdogo ananuka maziwa," akasema Bibi.

"Mke mkubwa ananuka ugoro," nikasema.

"Nyamazeni nyote wawili," akasema Babu. "Mke wangu hasa yuko Ujiji, ananingoja, na yeye hana kelele."

Behewa zima likacheka. Mzaha huo wa Ujiji nimeusikia tangu nizaliwe. Chakula kikichelewa, Babu anakwenda kula Ujiji. Shati likikosa kifungo, angekuwa Ujiji lingekuwa na vifungo vya kuwagawia majirani.

Mbele yetu aliketi mtawa wa Kizungu, sista aliyejua Kiswahili chote isipokuwa kile tunachozungumza. Nilimwona akibadilika rangi. Kaliua Babu aliposhuka kununua ndizi, sista akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama wazazi wangu wanajua kwamba nimeolewa na mzee yule, na kama ningependa kuteremka naye kituo kinachofuata.

Ningeweza kumweleza. Badala yake nikainamisha uso. "Sista," nikasema, "tuko wake wawili, na tumeshazoea."

Bibi akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Mwenzangu huyu ndiye anayechapwa."

Sista alishika rozari yake mpaka Usinge. Hapo Bibi akamhurumia, akampa ndizi na kumweleza mimi ni nani. Sidhani aliamini. Aliteremka bila kutuaga, na yule bwana mwenye kofia akaamka wakati huo huo, akajishika kichwa, akauliza kwa Kinyamwezi nani amemramba. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Tulipovuka mto Malagarasi nikagundua ninacheka peke yangu. Babu alikuwa amenyamaza. Uvinza akina mama walileta chumvi na samaki wa kuchoma mpaka dirishani, asiwatazame. Nikamnong'oneza Bibi, "Kweli anaogopa maji." Bibi akamfunika Babu magoti kwa kanga yake, ingawa kulikuwa na joto.

Kigoma, tukiingoja meli

Meli haikuwepo. Mtu mmoja alisema imeharibika kusini. Mwingine akasema inapakia ng'ombe. Karani wa bandari akasema itafika itakapofika, akafunga dirisha lake akaenda kula. Tukatandika mkeka kwenye kivuli cha ghala pamoja na wasafiri wengine, na hapo ndipo nilipolitazama ziwa vizuri.

Nawalaumu wasichana wa Kigoma. Mliniambia ni kubwa, hamkuniambia ni kubwa hivyo. Maji yanaanza miguuni pako na hayaachi. Bibi alisimama ameshika kiuno.

"Ng'ambo iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha milima ya buluu ya Kongo, mbali kama wingu.

"Na aliyeona njia ya kupita hapa ni nani?"

Nikasema Wazungu. Akasema alidhani hivyo.

Babu yeye hakuliangalia ziwa kabisa. Alitafuta pembe nyuma ya magunia, akaketi uso ukutani, akajifunika blanketi mpaka kichwani, katika joto la Kigoma. Kila sauti ya mwanamke mzee ikipita, blanketi linashuka zaidi. Nilimtania kwamba anaatamia mayai. Hakujibu, na Babu kushindwa kujibu ni jambo la kuita daktari.

Siku ya pili Bibi alichoka kukaa. Akasema kwa kuwa tumefika huku, twende Ujiji tukanunue dagaa wa kumpelekea Veronika, aone mama yake hakuja mikono mitupu. Nikamwita Babu.

"Nendeni," likasema blanketi. "Msikae sana. Msiongee na watu."

Mimi kuambiwa nisiongee na watu.

Ujiji

Lori la chumvi lilitupa lifti. Sokoni tukamwendea mama mmoja mnene mwenye dagaa wazuri, wakavu, wanaong'aa. Bibi akaanza kupatana naye. Na mimi, mbele ya watu wote, nikamsalimia shikamoo kwa heshima zote, nikasema: "Mama, namtafuta mke mwenzangu. Mke mkubwa wa Pembe Mbili, Mnyamwezi wa Tabora. Nimekuja kumjulisha kwamba mume sasa ni wangu, asiendelee kungoja."

Bibi alicheka mpaka akaegemea vikapu. Watu wa karibu wakacheka. Mama wa dagaa hakucheka. Aliweka chini sahani yake ya kupimia, polepole, kama imejaa maji.

"Pembe Mbili yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai," nikasema, bado natabasamu. "Yuko bandarini Kigoma, amejifunika blanketi."

Akaita jirani amwangalizie biashara. Akafunga kanga yake upya. "Njooni," akasema.

Nilimtazama Bibi. Kicheko kilikuwa bado usoni pake, lakini ndani yake hakuna mtu. Tulimfuata yule mama kwenye vichochoro vya mchanga mpaka nyumba yenye baraza nyeupe, na barazani kikongwe mdogo, safi, amevaa kanga mbili, anachambua mchele.

"Mama," yule wa dagaa akasema, "hawa wametoka kwa Pembe Mbili."

Kikongwe akamtazama Bibi, kuanzia kilemba mpaka miguu. Bibi naye akamtazama.

"Wewe ndiye mkewe," akasema kikongwe.

"Mimi ndiye."

"Una vumbi, dada. Karibu unawe."

Mimi nimezoea kuwaacha wenzangu midomo wazi. Siku ile wa kwangu ulikuwa wazi, na nzi wa Ujiji ni wengi. Tukapewa maji, tukapewa chai ya tangawizi na vitumbua. Sikuweza kula, na mnajua mimi na vitumbua. Kikongwe jina lake Bi Mwanaidi. Alizungumza taratibu huku akiendelea kuchambua mchele.

"Alikuja na msafara, wakakwama kwa mvua. Akaniposa kwa baba yangu. Alisilimu hapa hapa, akaitwa Juma."

Babu yangu anaitwa Yosefu. Ndiye anayebeba msalaba Ijumaa Kuu.

"Tuliishi msimu mmoja," akaendelea. "Akasema anapeleka mzigo Tabora, atarudi na msafara ujao. Misafara ikaja, yeye hakuja. Ikaja reli, misafara ikaisha."

"Mimi alinioa reli ilipofika Tabora," akasema Bibi. Sauti yake ilikuwa kavu kama michembe.

"Basi alikuwa ameshaniacha, hakukudanganya sana. Mimi kadhi aliniachisha, nikaolewa na mvuvi, mtu mzuri, nikamzaa huyu mwenye dagaa na ndugu zake. Simdai mzee wako kitu. Nilichotaka ni kumwona amezeeka tu."

"Amezeeka," akasema Bibi.

Wakacheka kidogo, wote wawili. Nikafikiri yamekwisha. Kisha Bi Mwanaidi akaacha mchele.

"Ila lipo moja asilolijua. Aliniacha na mimba. Mtoto alikuwa wa kiume, hakufikia kutembea. Nilimpa jina la babu yake mzaa baba, Kasele, kwa kuwa Juma alikuwa ameniomba hivyo tukijaliwa mwana. Yuko makaburini pale, nyuma ya msikiti."

Nilikuwa nawaangalia sisimizi wa barazani ili nisimwangalie Bibi. Mwishowe akaweka kikombe chini. "Nionyeshe," akasema.

Wakaondoka wawili, bila mimi. Waliporudi, Bi Mwanaidi alikuwa amemshika Bibi kiwiko, na Bibi hakuutoa mkono.

Gatini

Tuliporudi Kigoma meli ilikuwa imefunga gatini, nyeupe, kubwa kuliko kanisa letu, makuli wanapandisha magunia. Bibi hakuitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya ghala, akalifunua blanketi.

"Juma," akasema.

Babu alifumba macho. Sijawahi kuona mtu akizeeka kwa haraka hivyo, na alikuwa tayari mzee.

"Nilikuwa nakwambia," akasema. "Kila siku nilikuwa nakwambia."

"Uliniambia nikiwa nacheka."

Mimi ndiye niliyemleta hapa, kwa uongo wa wanawake wa sokoni, na mimi ndiye niliyekwenda kumpigia mbiu Ujiji. Nilitamani blanketi lile liwe langu.

"Una mtoto Ujiji," akasema Bibi.

"Sina mtoto Ujiji. Naapa."

"Unaye. Anaitwa Kasele. Yuko nyuma ya msikiti. Nenda ukamwone."

Babu alitutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta nani atacheka. Hakucheka mtu. Akainuka, safari hii bila vituo, akaondoka. Mwendo wake ulikuwa ule anaotusimulia siku zote na sisi hatuuamini, mwendo wa mtu mwenye mzigo anayejua kambi iko wapi.

"Bibi," nikasema, "meli inaondoka jioni hii."

"Najua."

Ndipo nikaingiwa na hofu kweli. Nikaona amemtuma makusudi ili meli imwache. Na bila yeye kando yake Bibi haingii majini, alishasema. Kwa hiyo Veronika angesubiri mama yake bure, Babu angebaki Ujiji na kaburi, na sisi tungerudi Isevya na dagaa. Wazee wawili waliokaa pamoja tangu reli ifike, nimewatenganisha kwenye likizo moja.

Jua likashuka. Meli ikapiga honi, nikaruka. Watu wakapanda na mikeka yao, na mbuzi, na baiskeli. Bibi alichukua mzigo wake, akaenda akaketi chini kabisa ya ngazi ya meli, katikati ya njia.

Karani wa meli akaja na kofia yake. "Bibi, panda au pisha."

"Namngoja mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Makaburini. Amefiwa na mtoto."

Karani akavua kofia. "Poleni sana, bibi. Amezikwa leo?"

"Habari kaipata leo," akasema Bibi.

Nilimwangalia. Nje ya utani hajawahi kusema uongo, na hata hapo hakusema. Karani akapanda kumwambia mkubwa wake. Tukasikia Mzungu akifoka huko juu kwamba meli haingoji mtu. Lakini neno msiba lilikuwa limeshafika kwa makuli. Magunia yaliyokuwa yakipanda mawili mawili yakaanza kupanda moja moja. Kisha gunia moja likaanza kubebwa na watu wanne. Kisha mmoja wao akaumwa mguu, wenzake wote wakasimama kumpa pole. Mzungu alifoka mpaka sauti ikamkauka. Kila mmoja alimwitikia "ndiyo bwana" kwa adabu kubwa.

Babu alikuja kwenye baiskeli ya mkwe wa Bi Mwanaidi, amepakiwa nyuma, miguu yake mirefu inaburuta. Magoti ya suruali yalikuwa na udongo mwekundu. Macho sitayaeleza.

Bibi alipomwona akasimama, akapanda ngazi ya meli bila kutazama chini, mwanamke ambaye hajawahi kupanda mtumbwi. Akatandika mkeka sitahani. Akaketi upande mmoja, upande wa pili akauacha wazi. Babu akaketi pale. Makuli wakapandisha yaliyobaki kwa dakika chache.

Ziwani

Mnaouliza chakula: ugali na migebuka, samaki mtamu kiasi cha kukusahaulisha matatizo, ila si matatizo yangu. Mnaouliza kama nilitapika: nilitapika. Choo nimeshasema.

Bibi hakumsemesha Babu hata neno. Alinitumia mimi, nami niko katikati ya magoti yao wote wawili. "Mke mwenzangu, mwambie mume wetu asogeze mguu." "Mke mwenzangu, mwulize mume wetu kama ameshiba." Wasafiri walicheka, wakadhani ni utani wa kwetu. Babu alikuwa akijibu kwa utii: "Mwambie nimeshiba." Mimi nilipeleka maneno kama waya wa simu, bila kuongeza hata kidogo. Mama mmoja wa Kirando akaniuliza kama nina homa.

Tulipofika rasi ya Kabogo upepo ukavuma, meli ikaanza kuinama huku na huku, Bibi akageuka rangi. Babu akamshikia kilemba akitapika, akamfuta mdomo kwa shati lake. Bibi alimwacha afanye. Kisha akasema, "Mke mwenzangu, mwambie shati hilo halina kifungo."

Babu hakusema habari ya Ujiji. Aliangalia shati lake tu.

Karema

Karema hakuna gati. Meli inasimama mbali, mitumbwi inakuja kuwachukua watu, na unateremka kwa ngazi ya kamba huku mtumbwi unapanda na kushuka kama unakukataa. Ufukweni niliweza kumwona mama mdogo Veronika amesimama na mtu mdogo mgongoni.

Bibi alishika ukingo wa meli. Aliyatazama maji, akautazama mtumbwi, akanitazama mimi. Nikafungua mdomo tayari kupeleka ujumbe. Akanipita.

"Tangulia wewe," akamwambia Babu, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. "Ukizama nitajua hapafai."

Babu alichelewa kuelewa kwamba ameambiwa yeye.

"Na nisipozama?"

"Usipozama, unishike mikono."

Akateremka, akakanyaga mtumbwi, ukayumba, ukatulia. Akasimama akanyoosha mikono yote miwili juu. Bibi akaanza kushuka kinyumenyume, ngazi kwa ngazi, akimwonya kila hatua kwamba akimwangusha atamwona. Hakumwangusha. Waliketi bega kwa bega kwenye ubao mwembamba, makasia yakaingia majini, wakaenda kwa mjukuu wao bila kugeuka nyuma, wakanisahau melini pamoja na mizigo yote na dagaa.